Plau la theluji la trekta dogo

Plau la theluji la trekta dogo ni bamba la chuma, pengine la plastiki ngumu, lililopinda kama kiganja na kufungwa mbele au nyuma ya trekta dogo ili kusukuma theluji kutoka njia ya gari, uwanja wa nyumba, maegesho au barabara ya shamba. Linatumika katika nchi zenye majira ya baridi kali, kama vile Kanada, Marekani, Norwei, Uswidi, Ufini na Japani. Kazi yake yaonekana rahisi, lakini trekta dogo halikuundwa kwa ajili ya kugongana na mawe, visiki na kingo za lami zilizofichika chini ya theluji. Kwa sababu hiyo anayechagua plau hupaswa kujiuliza kwanza nguvu ya mgongano itapita wapi ndani ya trekta, na baada ya hapo ndipo aulize upana wa bamba na bei yake.

Jina

Katika Kiswahili plau ni kifaa cha kulimia kinachokokotwa na ng'ombe au trekta na kupindua udongo. Plau la theluji halilimi wala halipindui kitu. Limeitwa hivyo kwa kufuata lugha za Ulaya, ambazo zilitumia neno la shambani kwa sababu vifaa vya kwanza vya kuondoa theluji barabarani vilikokotwa na farasi na kupasua theluji pande mbili. Kwa umbo na kazi lipo karibu zaidi na bamba la greda. Mtu aliyewahi kuangalia greda likisawazisha barabara ya changarawe ameshaelewa nusu ya jambo: bamba limewekwa mshazari, na kile kinachokwanguliwa huteleza juu yake mpaka kikaangukia pembeni.

Trekta dogo

Huitwa trekta dogo lile lenye injini ya dizeli ya nguvu farasi 20 hadi 50 hivi, na uzito ambao mara nyingi uko kati ya kilogramu 700 na 2,000. Aina hii ilikomaa nchini Japani. Mashamba ya mpunga ya huko ni madogo na yenye tope, hivyo kampuni kama Kubota, Yanmar na Iseki zilitengeneza mashine nyepesi na nyembamba zinazoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Tangu miaka ya 1970 matrekta hayo yalienea Amerika Kaskazini kwa wenye nyumba za mashambani waliokuwa na ekari chache. Wakati wa kiangazi hukata nyasi na kubeba mbolea, na wakati wa baridi husukuma theluji.

Tofauti moja ya muundo ni muhimu hapa. Lori dogo linalobeba plau lina chesisi, yaani mihimili miwili ya chuma inayokwenda kutoka mbele hadi nyuma. Matrekta mengi madogo hayana chesisi ya namna hiyo. Injini, nyumba ya klachi na giaboksi zimefungwa kwa bolti moja baada ya nyingine, nazo zenyewe ndizo uti wa mgongo wa trekta. Sehemu kubwa ya uti huo ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu. Chuma hicho hustahimili kubanwa, lakini kikipigwa au kikipindwa hupasuka bila kuonya.

Historia kwa ufupi

Mji wa Milwaukee katika jimbo la Wisconsin hutajwa kuwa ulitumia plau la theluji la kukokotwa na farasi mwaka 1862. Mwaka 1923 ndugu wawili wa Norwei, Hans na Even Øveraasen, walitengeneza plau la kufungwa kwenye gari. Kwa upande wa matrekta, hatua kubwa ilitoka kwa Harry Ferguson, Mwairelandi aliyebuni mfumo wa mikono mitatu ya nyuma inayoinuliwa kwa haidroli. Mfumo huo uliwekwa katika trekta la Ford 9N lililotoka mwaka 1939, na leo uko karibu katika kila trekta duniani. Jina la Ferguson lingali katika matrekta ya Massey Ferguson yanayojulikana sana mashambani Kenya na Tanzania. Dereva aliyezoea kufunga plau la sahani kwenye mikono ya trekta hilo angeweza kufunga bamba la theluji la nyuma bila kufundishwa. Tofauti ni kwamba trekta dogo hutumia pini nyembamba zaidi, ambazo katika mikono miwili ya chini zina kipenyo cha milimita 22.

Uzito wa theluji

Msomaji ambaye theluji yake ni ile anayoiona kileleni mwa Kilimanjaro anaweza kuidhania kuwa kitu chepesi kama pamba. Theluji iliyoanguka sasa hivi katika baridi kali ni nyepesi kweli: mita moja ya ujazo huwa na kilogramu 50 hadi 100. Ikilala siku chache, au ikianguka wakati halijoto iko karibu na sifuri, hufika kilogramu 200 hadi 300, na ikilowa maji huzidi hapo. Barafu tupu ina takriban kilogramu 917.

Tuchukue njia ya gari yenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 3, iliyofunikwa na theluji ya sentimita 20. Huo ni ujazo wa mita 30. Kama ni theluji kavu ya kilogramu 100, mwenye nyumba ana tani 3 za kuondoa kabla ya kwenda kazini. Kama ni theluji nzito ya kilogramu 300, ana tani 9, ingawa kwa macho kina ni kilekile. Ndiyo maana trekta lililosafisha njia bila shida mwezi Januari laweza kukwama mwezi Machi.

Kinachosukuma ni matairi

Wanunuzi wengi huanza kwa kuuliza nguvu ya injini. Hesabu fupi yaonyesha kwamba injini si tatizo. Nguvu farasi 25 ni sawa na kilowati 18.6 hivi. Kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, nguvu hiyo ingeweza kutoa msukumo wa nyutoni 13,000, na hata baada ya kupotea kiasi katika giaboksi bado nyingi hubaki. Lakini msukumo hupita kwenye matairi, na matairi hushika ardhi kwa msuguano. Juu ya lami kavu kizio cha msuguano huwa karibu 0.7 au zaidi, juu ya theluji iliyoshindiliwa karibu 0.2, na juu ya barafu karibu 0.1. Trekta la kilogramu 1,000 lililo juu ya theluji iliyoshindiliwa haliwezi kusukuma kwa zaidi ya nyutoni 2,000 hivi. Likizidisha, magurudumu yanazunguka bure.

Kuna njia mbili za kuongeza uwezo huo, nazo ni kuongeza uzito na kuongeza msuguano. Uzito huongezwa kwa sanduku la zege au mchanga linalofungwa kwenye mikono ya nyuma, au kwa kujaza matairi ya nyuma kimiminika kisichoganda hadi robo tatu hivi ya kimo chake. Hutumika maji yenye kloridi ya kalsiamu, ambayo ni mazito lakini hula ringi za chuma, au sharubati ya viazi-sukari isiyoleta kutu. Uzito wa nyuma una kazi ya pili: plau zito likining'inia mbele huinua nyuma ya trekta, na katika matrekta mengi madogo breki ziko kwenye magurudumu ya nyuma peke yake.

Msuguano huongezwa kwa minyororo ya matairi. Tairi la shambani lenye meno marefu hukamata vizuri katika theluji laini, lakini kwenye barafu meno machache hugusa chini. Tairi pana la kazi za ujenzi, ambalo ndilo linalouzwa zaidi pamoja na loda, huteleza vibaya kwenye barafu. Jambo linalowashangaza wengi ni kwamba tairi la bustani, lenye vijino vingi vidogo, mara nyingi hushika theluji iliyoshindiliwa vizuri kuliko hilo la ujenzi. Minyororo humaliza ubishi wote huo, ila hukwaruza lami na sakafu za vitofali, na kabla ya kuifunga lazima kupima nafasi kati ya tairi na bawa lake.

Mahali pa kufunga

Plau linaweza kufungwa mahali patatu, na tofauti ya mahali hapo ni kubwa kuliko tofauti ya kampuni moja na nyingine.

Mahali pa kwanza ni kwenye loda, yaani mikono miwili ya mbele inayobeba ndoo ya kuchotea mchanga. Ndoo huondolewa na plau huwekwa badala yake, mara nyingi kwa sahani ya kufunga haraka yenye vipini viwili. Njia hii inapendwa kwa sababu mwenye trekta ameshanunua loda, na kwa sababu bamba laweza kuinuliwa juu na kupandisha theluji kwenye lundo. Hatari yake ni kwamba mikono ya loda ilikusudiwa kuinua mzigo kwenda juu. Haikukusudiwa kupigwa kutoka mbele, na zaidi haikukusudiwa kupigwa upande mmoja. Pembe ya bamba ikigonga jiwe, mkono mmoja wa loda husukumwa nyuma huku mwingine ukivutwa mbele, na fremu nzima hujaribu kujipinda. Mkono ukishapinda hata kwa sentimita moja, ndoo haitakaa sawa tena. Kitabu cha trekta husema kama plau limeruhusiwa kwenye loda hiyo na kwa upana gani, na penye kimya au katazo ni busara kumwamini mtengenezaji kuliko muuzaji.

Mahali pa pili ni chini ya tumbo la trekta. Fremu ya kusukumia hufungwa kwenye mwili wa trekta na kurudi nyuma hadi katikati, na katika miundo mingine hadi karibu na ekseli ya nyuma. Nguvu ya mgongano huingia chini, kwa mstari ulionyooka, karibu na pale ambapo msukumo wa magurudumu unatoka. Loda haiguswi, mara nyingi huondolewa kabisa. Mapungufu yake ni kwamba fremu hutengenezwa kwa ajili ya aina moja tu ya trekta, bei ni kubwa, na bamba huinuka kidogo tu, hivyo haliwezi kujenga lundo refu. Kwa mtu mwenye njia ndefu ya changarawe anayoisafisha kila wiki, huu ndio uchaguzi ulio bora, na gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na kubadilisha mikono ya loda au giaboksi iliyopasuka.

Mahali pa tatu ni nyuma, kwenye mikono mitatu. Bamba la nyuma ndilo la bei nafuu kuliko yote, na kiangazi husawazisha barabara ya shamba kwa kazi ileile. Hata hivyo trekta hupita juu ya theluji kabla bamba halijafika, na matairi huishindilia ikawa ngumu kama ubao. Dereva naye hutazama nyuma saa nzima. Wengine hugeuza bamba na kusukuma kinyumenyume. Kwa theluji nyepesi inafaa, lakini mikono ya nyuma iliundwa kuvuta. Ikisukumwa kwa nguvu hupinda. Pale ambapo bamba la nyuma halina mpinzani ni mlangoni mwa gereji: trekta hurudi hadi karibu na mlango, bamba huteremshwa, na theluji huvutwa mbali na ukuta. Plau la mbele haliwezi kufanya hivyo.

Springi za kujikunja

Kiasi cha nishati iliyomo katika trekta linalotembea hutegemea mraba wa mwendo. Trekta la kilogramu 1,300 pamoja na plau, likienda kilomita 8 kwa saa, lina juli 3,200 hivi. Likigonga ukingo wa zege na kusimama ndani ya sentimita 2, nguvu ya wastani ni nyutoni 160,000, sawa na uzito wa tani 16. Likisimama ndani ya sentimita 20, nguvu hushuka hadi sehemu moja ya kumi. Na likienda kilomita 4 kwa saa tangu mwanzo, nishati yote ni juli 800 tu.

Ndiyo kazi ya springi. Katika aina ya kwanza bamba zima huinamia mbele linapogonga, makali yake yakarudi nyuma na kupanda juu ya kizuizi, kisha springi hulirudisha. Katika aina ya pili kipande cha chini peke yake ndicho kinachojikunja, na theluji iliyokuwa juu ya bamba haimwagiki. Aina ya kwanza ni ya kawaida kwa matrekta madogo. Zote mbili zina mpaka: kizuizi kirefu kilichogonga juu ya bawaba, kama vile ukuta au nguzo, hakitaamsha springi hata moja. Bamba lisilo na springi kabisa, hata liwe la chuma kinene kiasi gani, halifai trekta dogo, kwa sababu unene wa bamba hupeleka pigo kwenye trekta.

Upana

Bamba lazima lifungue njia pana kuliko trekta lenyewe hata linapokuwa mshazari. Maplau mengi hugeuka nyuzi 30, na hapo upana wa kazi hubaki asilimia 87 ya upana wa bamba. Bamba la sentimita 152 hubaki na 132, na la sentimita 183 hubaki na 158. Trekta lenye sentimita 140 kutoka ukingo wa nje wa tairi moja hadi la pili litakanyaga theluji kila upande likitumia bamba la kwanza, ila la pili litatosha. Kuzidi hapo si faida. Kila sentimita ya ziada ni theluji zaidi ya kusukuma kwa matairi yaleyale, na pia ni mkono mrefu zaidi wa kuupinda mwili wa trekta pembe ya bamba ikigonga kitu.

Kisu na viatu

Ukingo wa chini wa bamba hufungwa kisu, yaani ukanda wa chuma unaobadilishwa ukilika. Kisu cha chuma hukwangua vizuri lami na zege. Kisu cha mpira au cha plastiki ya poliurethani ni cha upole kwa vitofali, na hakikwami kwenye viungo vya sakafu, lakini hakiondoi theluji iliyogandamana. Viatu ni sahani mbili za duara zinazobeba bamba na kuliweka juu ya ardhi kwa kimo kinachopimwa. Juu ya lami viatu huinuliwa au kuondolewa ili kisu kiguse chini. Juu ya changarawe huteremshwa ili kisu kibaki sentimita 2 au 3 juu ya ardhi, la sivyo kokoto zote huhamia kwenye majani, na mwenye nyumba atazikusanya kwa reki mwezi Aprili. Wapo wanaopasua bomba kwa urefu na kulivisha kwenye kisu. Ukingo wa mviringo huteleza juu ya kokoto bila kuzichimba. Theluji ya kwanza ya msimu katika njia ya changarawe ni afadhali iachwe kidogo ishindiliwe na kuganda, iwe sakafu ya majira yote.

Haidroli

Plau rahisi hugeuzwa kwa mkono: dereva hushuka, huchomoa pini, hugeuza bamba na kurudisha pini. Katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri uchumi huo husahaulika haraka, na wengi huishia kununua silinda mbili za haidroli. Silinda hizo huhitaji njia mbili za oili. Loda ya kawaida ina njia za kuinua na za kuinamisha ndoo, na zote zimeshatumika; hivyo huongezwa vali ya umeme inayohamisha oili ya kuinamisha kwenda kwenye kugeuza kwa kubonyeza kitufe, au huongezwa vali mpya kabisa.

Kitu ambacho hakipaswi kukosekana ni vali ya kupunguza pigo. Pembe ya bamba ikigonga, oili iliyofungiwa ndani ya silinda moja haina pa kwenda, na kinachofuata ni mpira wa oili kupasuka au fimbo ya pistoni kupinda. Vali hiyo hufunguka kwa shinikizo fulani na kuiachia oili ihamie silinda ya pili, bamba likageuka kidogo na pigo likapungua. Pia mtambo wa kuinulia uwe na nafasi ya kuelea, ambayo huliacha bamba lifuate mabonde na vilima vya ardhi kwa uzito wake. Dereva anayelikandamiza bamba chini kwa loda huyainua magurudumu ya mbele, na usukani ukageuka bure.

Namna ya kufunga

Kabla ya bolti ya kwanza, uzito wa plau pamoja na fremu hulinganishwa na mzigo unaoruhusiwa kwa ekseli ya mbele na kwa loda. Plau la sentimita 183 pamoja na fremu yake laweza kuwa na kilogramu 200 au zaidi. Fremu hufungwa katika matundu yaliyoachwa na kiwanda. Kutoboa tundu jipya au kuchomelea chuma kwenye nyumba ya giaboksi au ya ekseli ni kuharibu trekta, kwa maana chuma cha kusubu hupata ufa kando ya mchomeleo. Vilevile nguzo za kinga ya kupinduka haziguswi kwa mashine ya kuchomelea wala kwa dreli.

Trekta la Kijapani lina bolti za milimita, huku maplau mengi ya Kimarekani yakiwa na bolti za inchi. Nati ya kipimo kimoja huweza kuingia nusu kwenye bolti ya kipimo kingine na kuonekana imekaza, kumbe imekula meno. Bolti ziwe za daraja lililotajwa katika maelekezo, zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, na zikazwe tena baada ya saa chache za kwanza za kazi.

Fremu ikishakaa, trekta huwekwa mahali tambarare, bamba huteremshwa, na mhimili wa kusukumia hutazamwa kutoka pembeni. Unapaswa kulala karibu sawa na ardhi. Ukishuka sana kuelekea mbele, bamba hujichimbia na springi hufunguka ovyo. Ukipanda kuelekea mbele, kisu huelea. Kisha usukani hugeuzwa hadi mwisho kulia na kushoto, bamba likiwa limeinuliwa na kugeuzwa pande zote, ili kuona kwamba tairi haligusi kitu na mipira ya oili haivutwi wala haibanwi. Mwisho hutazamwa taa, kwa kuwa bamba lililoinuliwa huziba mwanga wa mbele, na kazi hii hufanywa mara nyingi kabla ya mapambazuko.

Kazi yenyewe

Maandalizi hufanywa kabla ardhi haijaganda: vijiti virefu vya rangi huchomekwa kandokando ya njia, kwenye kona za bustani, mifuniko ya mashimo na mawe. Theluji ya kwanza husukumwa mbali zaidi ya inavyohitajika, kwa sababu lundo huganda na halisogei tena. Njia iliyoanza na mita 4 yaweza kubaki na 2 ifikapo Februari. Katika dhoruba ndefu ni rahisi kupita mara tatu juu ya sentimita 10 kuliko mara moja juu ya 30. Katika mteremko, uendeshaji wa magurudumu manne huachwa umewashwa, kwa kuwa ndio unaofikisha breki za nyuma kwenye magurudumu ya mbele pia.

Usalama

Ajali mbaya kuliko zote ni trekta kupinduka, hasa ukingoni mwa mtaro uliofichwa na theluji. Uswidi iliamuru matrekta mapya yawe na kinga ya kupinduka tangu mwaka 1959; nchini Marekani kanuni za kazi ziliidai kwa matrekta ya waajiriwa yaliyotengenezwa baada ya Oktoba 1976. Kinga hiyo humwokoa dereva aliyefunga mkanda. Asiyefunga hurushwa nje, na trekta humwangukia.

Watoto hupenda kuchimba mapango katika malundo ya theluji, na dereva haoni kilicho ndani ya lundo wala kilicho nyuma ya trekta. Inampasa ajue kila mtoto wa nyumba yuko wapi kabla ya kuwasha injini. Theluji isirundikwe dhidi ya ukuta penye bomba la kutolea moshi wa tanuri la nyumba, kwa kuwa hewa ya monoksidi ya kaboni hurudi ndani na kuua watu wakiwa wamelala. Oili ya haidroli nayo hufikia shinikizo la bar 170 hivi. Ikivuja katika tundu dogo hupenya ngozi kama sindano, na jeraha linaloonekana dogo huhitaji upasuaji wa haraka. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, kamwe si kwa kidole.

Sheria za Michigan, Minnesota na Wisconsin, kama za majimbo mengine mengi, zinakataza kusukuma theluji ya nyumbani na kuiacha katika barabara ya umma. Jambo hili linawahusu pia wasemaji wa Kiswahili waliohamia maeneo yenye theluji, kwa mfano jamii za Wakongo katika miji ya Buffalo na Portland, na wengi nchini Kanada, ambako kusafisha njia za watu ni kazi ya msimu.

Pale plau linaposhindwa

Plau lina mwisho wake. Mashariki mwa Ziwa Erie, upepo baridi hupita juu ya maji yenye vuguvugu, hubeba mvuke na kuumwaga kama theluji katika ukanda mwembamba wa nchi. Novemba 2014 sehemu za kusini-mashariki mwa Buffalo zilipata zaidi ya sentimita 150 katika siku chache, na Novemba 2022 miji ya Hamburg na Orchard Park ilipata takriban sentimita 200. Hakuna bamba la trekta dogo linalosukuma ukuta wa namna hiyo. Hapo hurudishwa ndoo ya loda na theluji huchotwa kidogo kidogo, au hutumiwa mashine ya kurusha theluji inayozungushwa na shafti ya trekta kwa mizunguko 540 kwa dakika. Mashine hiyo ni ghali na hutembea polepole, lakini huirusha theluji mita kadhaa na haijengi kingo kandokando ya njia.

Utunzaji

Dizeli ya kiangazi hutoa nta katika baridi na kuziba chujio, hivyo tangi hujazwa dizeli ya majira ya baridi kabla ya dhoruba ya kwanza. Chumvi ya barabarani huoshwa kila baada ya kazi, na bawaba hutiwa grisi. Kisu hupimwa na kubadilishwa kabla hakijalika hadi kwenye bolti, kwani baada ya hapo kinacholika ni bamba lenyewe. Msimu ukiisha plau huegeshwa juu ya mbao likiwa na fimbo za pistoni zilizoingizwa ndani au kupakwa grisi, viunganishi vya mipira vikiwa vimefunikwa, na shinikizo likiwa limeachiwa kwa kusogeza mikono ya vali baada ya kuzima injini. Bila hivyo viunganishi hivyo havitakubali kuingia vuli ijayo.